Nilijifunza Kiojibwe ili niongee na wakwe, siku ya posa nikaambiwa nifunge mdomo

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, mwandishi wa mara chache. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kooni, na nyumbani kwangu hakuna anayetaka kulisikia tena. Yote nitakayoeleza yametokea. Majina nimebadilisha. Mengine nimeyaacha kama yalivyo, pamoja na yale yasiyonipendeza.

Kwanza mnijue kidogo.

Ni fundi wa mashine za kumenya kahawa. Naishi Mkumbi, huku Mbinga. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa redio na kamusi, umeme nikajifunza kwa vitabu vya kuazima, na mashine nikajifunza kwa kuzifungua. Sisemi haya kujisifu. Nataka mjue kwamba sikuingia kwenye jambo hili kichwa kichwa. Nina utaratibu wangu, na utaratibu huo haujawahi kuniangusha mpaka nilipokutana na hii lugha.

Mke wangu, Mama Benigna, ni mtu wa ziwani, wa Mbaha. Binti yetu Benigna ni nesi. Alikwenda Marekani kusoma, kaskazini kabisa karibu na Kanada, akapata kazi hukohuko. Mwaka jana akatupigia kutuambia amepata mchumba.

Mchumba si Mzungu, na si Mmarekani mweusi. Ni Muojibwe. Hawa ni wenyeji wa kule, walikuwepo kabla Wazungu hawajafika, watu wa kuzunguka maziwa makubwa. Mama Benigna aliposikia "watu wa ziwa" akatulia kabisa. Akasema hao ni watu wake, mengine tutayajua mbele ya safari.

Mimi sikutulia, maana kulikuwa na bibi.

Huyu kijana alilelewa na bibi yake. Ndiye mama, ndiye baba. Kijana alisema wazi kwamba bibi asipotoa neno, yeye haoi. Na bibi alikuwa na sharti moja tu: baba wa binti ajitambulishe kwake kwa lugha yake, Kiojibwe, hata kwa maneno machache.

Kabla hamjauliza: ndiyo, Kiingereza anakijua vizuri. Lakini alikipata shule ya bweni, walikokuwa wakichapwa kwa kuongea lugha ya nyumbani. Kwa jambo la ndoa hataki kuzungumza kwa lugha iliyoingia mwilini mwake kwa fimbo.

Hilo nililielewa bila kufafanuliwa. Sisi tulivishwa kibao shingoni ukikamatwa unaongea Kimatengo, lugha yetu, shuleni, na unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako.

Nikamuuliza Benigna: wewe uko hapohapo, mimi niko Mkumbi, kwa nini usijifunze wewe? Akasema ameshauliza. Bibi amejibu kwamba binti atajifunza akishaingia, hana haraka naye. Anayetaka kumsikia ni yule anayemtoa.

"Baba, ni salamu tu," akasema. "Wewe umejifunza mambo magumu kuliko haya."

Wakuu, mtu akikuambia "ni salamu tu", ondoka.

Nilianza kwa utaratibu. Kuna kamusi mtandaoni, ya bure, ina sauti za wazee wakitamka. Nikapata na kitabu cha sarufi cha pdf. Nikanunua bando. Nikakata vipande vya maboksi, kila kipande neno moja, nikavipanga juu ya benchi la kazi pembeni ya misumari na bolti.

Mwanzoni nilifurahi sana. Kitenzi chao kinabeba kila kitu kama chetu. Sisi tunasema "unawajua". Neno moja, ndani yake yumo anayejua na wamo wanaojuliwa. Wao husema *gigikenimaag*. Neno moja pia, maana ileile. Mwingereza anahitaji maneno matatu kwa kazi hiyo. Nikajisemea, hii ni lugha ya watu wenye akili. Nikalifanya hilo neno kuwa mfano wangu wa kufanyia mazoezi: nakujua, unanijua, unawajua, je, unawajua? Kuuliza ni kuongeza *ina* tu. *Gigikenimaag ina?* Nikawa nalisema kutwa.

Nikajiona nimefika. Nilikuwa bado mlangoni.

Hiyo *gi-* ya mbele ni "wewe". Sawa. Kusema "unaniona" unaanza na *gi-*. Sawa. Sasa kusema "mimi nakuona", unaanza na *gi-* vilevile. Wewe unatangulia hata pale ambapo mimi ndiye ninayefanya kazi yote. Nani anamwona nani unakuja kuambiwa kwenye mkia wa neno, wakati umeshakosea.

Niliweka kalamu chini, nikaenda kufunga mkanda wa mashine ya jirani, nikarudi. Bado ilikuwa hivyohivyo.

Halafu kuna mambo ya uhai. Kila jina kwao ama lina uhai ama halina, na kitenzi kinabadilika kufuata hilo. Nikadhani nimepona, maana na sisi tunayo: mtu anaanguka, kiti kinaanguka. Lakini kwao jiwe lina uhai. Birika lina uhai. Maji hayana. Kuna tunda dogo jekundu lina uhai, na tunda jingine dogo jekundu, jirani yake kabisa, halina. Nilitafuta sababu muda mrefu. Kitabu kilisema mwanafunzi akariri.

Nikamlalamikia Mama Benigna, ambaye alikuwa anamenya muhogo.

"Huu muhogo," akasema, "kwa nini uko na mti na mto na mkate, na kiazi kiko na kiti? Uliwahi kumuuliza nani?"

Akaendelea kumenya.

Na kuna "sisi" mbili. Moja ni sisi pamoja na wewe ninayeongea nawe. Nyingine ni sisi bila wewe. Hiyo Mama Benigna aliipenda. Akasema ingetufaa sana kwenye vikao vya harusi.

Kuhusu matamshi sitasema mengi. Kuna kituo kidogo kooni, kinaandikwa kwa alama ya juu, kama mtu aliyetaka kukohoa akaahirisha. Kuna irabu ndefu na fupi, na ukizichanganya umesema jambo lingine au hujasema kitu. Mwalimu mmoja wa video anasalimia *boozhoo*, mwingine *aaniin*, wa tatu anasema yote mawili na kuandika kwa herufi tofauti na za wenzake. Nikimuuliza Benigna, anajibu baada ya siku kadhaa kwa ujumbe wa sauti wa sekunde chache, nyuma kuna kelele za wodi: bibi anasema zote ni sawa, baba, usihangaike.

Usihangaike!

Msimu wa ngoro ukanikuta katikati ya hayo. Kwa wasioijua, ngoro ndiyo kilimo chetu cha milimani: mwanamume anakata nyasi na kuzilaza kwa miraba, mwanamke anakuja nyuma kuzifukia kwa udongo, panabaki mashimo ya kushika maji. Nikaona nitumie nafasi. Kila mraba nikaupa kitenzi kimoja, nalaza nyasi huku natamka namna zake nne, moja kila upande. Mama Benigna nyuma yangu na jembe lake, kila akifika kwenye mraba ananiuliza leo anamzika nani.

Ziwani ilikuwa mbaya zaidi. Tulishuka Mbaha kuchukua usipa, dagaa wa ziwani, nikaona nitoke kidogo ufukweni peke yangu nifanye mazoezi ya kujitambulisha. Nilisimama naangalia maji, nasema kwa sauti, narudia. Sikujua kwamba nyuma ya vichanja vya kuanikia usipa kuna wanawake wanageuza samaki. Kufika jioni, habari zimeenea kwamba shemeji Mkatoliki kutoka mlimani amepata karama ya kunena kwa lugha. Kule ni Waanglikana watulivu, hawana mambo hayo. Shemeji yangu mmoja aliniuliza kwa heshima kabisa kama padri wangu ana habari.

Mama Benigna hakunitetea. Aliwaambia, "Miaka yote hii Kinyasa changu anajua usipa tu. Sasa anajua lugha ya barafu."

Lakini nilisonga. Baada ya miezi mingi nilikuwa na utambulisho kamili: salamu, jina, ninakotoka, kazi yangu, mke wangu, shukrani. Kitabu kinasema watu wengi kule hutaja na ukoo wao, na koo zao zina wanyama: dubu, korongo, samaki fulani. Nikamuuliza kaka yangu kama ukoo wetu una mnyama. Akasema tuna nguruwe watatu, na mmoja ni wake.

Sasa kwa huyo kaka ndipo penye hadithi.

Kaka Osmund ndiye mkubwa wa ukoo wetu tangu baba afariki. Kwa Benigna ni baba mkubwa. Ni mtu wa haki, mkulima mzuri wa kahawa, na akishasema hapindi. Nilimweleza mapema kabisa, kwa heshima zote, kwamba bibi wa kijana ana sharti, kwamba ninajifunza, kwamba siku ya posa nitazungumza naye kwa simu ya picha. Nikamweleza mara ya pili. Mara zote alijibu neno moja: "Tutaona."

Nikalichukua kuwa ni ndiyo. Ukiniuliza katika mambo haya yote ni lipi lililonigharimu, ni hilo. Nilisoma vitenzi vya watu wa ng'ambo usiku na mchana, na "tutaona" ya kaka yangu wa tumbo moja sikuisoma.

Upande wa kijana ulichagua mshenga wa hapahapa, Mwalimu Gaudensi, mstaafu aliyemfundisha Benigna. Kwa ukoo wetu posa hufunguliwa kwa jembe. Mshenga analeta jembe, anasema maneno, wazee wa binti wakilishika, basi mlango umefunguliwa. Yaliyobaki ni mazungumzo.

Siku ilikuwa Jumapili baada ya misa. Kwetu alasiri, kwao asubuhi. Ndani ya nyumba mtandao haushiki, kwa hiyo wazee walikaa nje kando ya vichanja vya kuanikia kahawa, juani, wamevaa makoti. Simu tukaiegemeza kwenye debe lililopinduliwa. Mwalimu Gaudensi kakaa upande wake na jembe limelala miguuni, jipya, halijatiwa mpini.

Nilikuwa nimevaa suti ya bluu. Nilikuwa tayari. Nasema kweli, sijawahi kuwa tayari kwa kitu kama siku ile.

Benigna hajapiga bado, kaka Osmund akaniita pembeni.

"Wewe hutaongea," akasema.

Nikadhani anatania. Nikamkumbusha sharti la bibi.

"Baba wa mtoto haongei siku ya jembe. Hilo unalijua."

Nililijua. Kila mtu wa ukoo wetu analijua. Baba akiongea siku ile ni kama anamnadi binti yake mwenyewe, ndiyo maana wanaongea wengine, yeye anakaa kimya kama hausiki. Lakini nilidhani simu ni simu. Nilidhani nitamsalimia bibi kwenye simu, halafu kikao kianze. Nikamwambia hivyo.

"Watakuwa mbele yangu nawaona, nao wananiona," kaka akasema. "Hicho ni kikao."

"Kaka, asiponisikia hatatoa neno. Asipotoa neno, Mwalimu hawezi kukabidhi jembe."

"Na wewe ukiongea kabla jembe halijashikwa, mimi nanyanyuka, na hawa wazee wananyanyuka nami. Likishashikwa, ongea naye mpaka kesho."

Angalieni hapo, wakuu. Jembe halikabidhiwi mpaka bibi aseme. Bibi hasemi mpaka anisikie mimi. Mimi siongei mpaka jembe lishikwe. Nimetengeneza mashine maisha yangu yote, na sijawahi kuona iliyokwama vizuri namna hiyo.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote ile. Akanishangaa.

"Ulikuwa unafurahi," akasema.



Simu ikaita. Benigna akatokea, amevaa gauni la kitenge alilopewa na mama yake, nyuma yake dirisha na theluji. Kijana pembeni, mrefu, ameinamisha kichwa kwa adabu. Na katikati bibi. Huko wanamwita *Nookomis*, bibi yangu, nami nitamwita hivyo. Mwanamke mdogo wa umbo, miwani mikubwa, kikombe mkononi. Hakuwa anamwangalia kaka wala Mwalimu Gaudensi. Alikuwa ameambiwa baba ndiye mwenye suti ya bluu.

Alikuwa ananiangalia mimi.

Mwalimu Gaudensi akasimama akasema maneno ya posa kwa Kiswahili kizuri, taratibu, na Benigna akawa anatafsiri kwa Kiingereza. Kaka akajibu. Mwalimu akajibu. Nookomis hakujibu lolote. Alikunywa kidogo kutoka kwenye kikombe, akaendelea kuniangalia.

Nikaangalia viatu vyangu.

Baada ya muda akasema kitu kwa mjukuu wake. Kijana akamnong'oneza Benigna. Nikamwona mwanangu anabadilika uso. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama vile wazee wasingesikia: "Baba, bibi anauliza kama umekasirika. Anauliza kama hutaki."

Nikafungua mdomo. Kaka Osmund akaweka mikono kwenye magoti, kama mtu anayetaka kunyanyuka. Nikafunga.

Mama Benigna, aliyekuwa amekaa na wanawake upande wa jikoni, alinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza humu.

Mwalimu Gaudensi akaona hali, akafanya jambo la mtu mzima. Akaharakisha. Akaruka maneno mengi ya katikati akafika mwisho, akasema: basi upande wetu tumesema, tunaomba mtoto aulizwe.

Na hapa ndipo penyewe.

Kwa desturi yetu kuna swali moja tu ambalo baba anaruhusiwa siku ile. Siyo kwa wageni. Ni kwa binti yake. Kabla jembe halijashikwa, binti anaitwa mbele, na baba anamuuliza: hawa watu unawajua? Binti akisema anawajua, wazee wanalishika. Akisema hawajui, wageni wanarudi na jembe lao. Nimeshaona yote mawili.

Kaka akanigeukia, kwa sauti ya kikao. "Mwenye mtoto, muulize mtoto wako."

Swali nililijua kwa Kiswahili. Nililijua kwa Kimatengo. Na ghafla nikajua kwamba lile neno nililokuwa nalisema kutwa juu ya benchi, lile lililozikwa na Mama Benigna shambani mraba kwa mraba, ndilo hilohilo.

Desturi inasema nimuulize nani. Inasema niulize nini. Kwa lugha gani, haijawahi kusema, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji.

Nikasimama. Nikamwangalia mwanangu, si bibi.

"Benigna," nikasema. "*Indaanis. Gigikenimaag ina?*"

Binti yangu, hawa watu unawajua?

Nookomis akaweka kikombe chini.

Tatizo lililofuata mmeshaliona. Benigna hakuelewa. Hata neno moja, isipokuwa jina lake. Mimi nimejifunza miezi yote hiyo, yeye anaishi nao, na amenitumbulia macho kama wale wanawake wa usipa. Nikamwona anataka kusema "Baba, nini?" na kama angesema hivyo mbele ya wazee, hilo lingekuwa ndilo jibu lake.

Nookomis akamshika mkono. Akajivuta karibu, akamwambia jambo sikioni. Benigna akatikisa kichwa kwamba hajashika. Bibi akarudia, polepole, kama anavyofundishwa mtoto kuhesabu. Kijana naye midomo inatembea, anamsaidia.

Halafu mwanangu akanyoosha mgongo akaniangalia.

"*Eya'*," akasema. "*Ingikenimaag.*"

Kile kituo cha kooni alikipata mara ya kwanza. Mimi kilinichukua miezi.

Kaka Osmund akanigeukia. "Kasema nini?"

"Kasema ndiyo. Kasema anawajua."

"Kwa lugha gani?"

"Ya huko."

Kaka akaiangalia ile simu kwenye debe. Halafu akasema, si kwa ukali, kwa sauti ya kawaida tu ya mtu anayesema mvua imeanza:

"Basi huyo ameshakwenda."

Nookomis alikuwa ameshamwambia mjukuu wake neno, na kijana akampa Mwalimu Gaudensi ishara. Kaka akainama, akalishika jembe.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Benigna alipiga kimoja, akaingia jikoni, hakutoka kwa muda.

Baada ya hapo nikaruhusiwa kuongea mpaka kesho, kama nilivyoahidiwa. Nikasogea kwenye simu, nikasema *boozhoo*, nikasema jina langu, nikasema natoka Mbinga. Vilivyobaki vyote, kazi yangu, mke wangu, shukrani, vilikuwa vimefutika. Miezi yote ile! Nikasimama mbele ya wakwe na maneno matatu, yaani kiasi kilekile ambacho bibi alikuwa ameomba tangu mwanzo.

Nookomis akacheka mpaka akavua miwani. Kijana akamweleza Benigna, naye akanitafsiria: anasema unaongea kama mtoto wa miaka miwili, lakini mtoto aliyelelewa vizuri.

Kaka Osmund akanisukuma pembeni kwa bega. Naye alitaka asalimie. "Nifundishe hiyo salamu," akaniambia, mbele ya kila mtu, kana kwamba ndiye aliyekuwa analipia bando. Alisema *boozhoo* mara moja, vizuri kabisa, bibi akampongeza. Sasa anasalimia watu hivyo kwenye mnada wa kahawa.

Sasa funzo.

Kama unataka kujifunza lugha ya wakwe, usianze na kamusi. Nenda kwanza kwa wazee wako, waulize nani ataongea siku hiyo. Na wakikuambia "tutaona", kaa chini, usiondoke mpaka waone.

La pili ni gumu zaidi kulisema. Nilijifunza ile lugha ili mwanangu apokelewe vizuri. Amepokelewa vizuri sana. Nilidhani kazi yangu itakuwa kubisha hodi tu. Sikujua kwamba neno lenyewe la kumtolea mlangoni litatoka kinywani mwangu, na kwamba nilikuwa nalifanyia mazoezi.

Ile jioni wageni walipoondoka nilimkuta Mama Benigna anaosha vyombo. Akaniuliza kwanza nilimuuliza nini mtoto. Nikamwambia. Akaniuliza lile neno la mwanzo, baada ya jina lake, ni nini.

"*Indaanis*. Binti yangu."

Akasuuza sahani mbili tatu.

"Hilo nifundishe," akasema.

Nimemfundisha. Analisema vibaya. Ile *aa* ni ndefu, yeye anaikata kama anaita kuku. Nimemsahihisha mara nyingi, kwa utaratibu, hata sauti za wazee nimemwekea asikilize. Kila Jumapili Benigna akipiga, anaichukua simu kabla yangu na kulitamka vilevile, kwa ufupi uleule, na nikimwambia ananijibu anayeitwa ameshaelewa.

Na kweli, huwa anaitika.

Wakuu, nawasikiliza. Wenye wakwe wa mbali semeni mlivyofanya. Na kama yupo humu anayejua kwa nini lile tunda moja lina uhai na jirani yake halina, tafadhali aandike hapa chini, maana Nookomis nilishamuuliza, akasema nikariri.